Hukumu Itolewayo Kando ya Kitanda

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi ya wanawake niliyokuwa nikifanya kazi, alilazwa mama mmoja aliyevunjika mkono. Mumewe alifika kila siku saa za kuona wagonjwa zilipofunguliwa, amebeba uji ndani ya chupa ya chai pamoja na ndizi mbivu. Alimpangia mkewe mto, akamlisha kwa subira, akatusalimu sote kwa adabu, hata wahudumu wa usafi ambao wageni wengi huwapita kana kwamba hawawaoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwonea mama yule wivu. Sisi wauguzi tulimwita yule bwana "mfano wa kuigwa", nami nilipojaza jalada la mgonjwa niliandika kwamba ana msaada mzuri wa mume nyumbani.

Mama yule alilazwa tena, na baadaye mara ya tatu, safari hii mbavu zikiwa zimeumia. Kila mara maelezo yalikuwa yale yale: ameanguka bafuni. Hiyo mara ya tatu alikuwapo daktari tarajali aliyekuwa na siku mbili tu wodini, ambaye hakuwa amesikia sifa za yule mume. Alingoja wageni waondoke, akavuta pazia, akamwuliza mama kwa sauti ya chini kama kuna mtu anayempiga. Mama alilia kwanza, kisha akasema. Kurasa chache nyuma, ndani ya jalada lile lile, palikuwa na mwandiko wangu.

Siwezi kudai kwamba hukumu ya haraka ni dhambi katika kazi yetu. Muuguzi wa mapokezi anayemwona mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani kila avutapo hewa, akamtoa kwenye foleni na kumpeleka kwa daktari, hutoa hukumu kwa sekunde chache, na hukumu hiyo huokoa maisha. Tunafundishwa jicho hilo kwa miaka. Tatizo ni kwamba hatulivui tunapogeuka kutazama ndoa za watu. Kifua kinachobonyea kina sababu chache, na tunazijua. Mume aliyenyamaza kando ya kitanda, au anayezungumza kupita kiasi, ana sababu ambazo hakuna kitabu chetu kinachoziorodhesha. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na sisi tunaouona huo mlango kwa saa moja ya mchana hujiona tumekwisha ingia hadi jikoni.

Mwanasaikolojia Lee Ross aliueleza mwelekeo huu mwaka 1977: tunapotafuta sababu ya tendo la mtu mwingine, huipa tabia yake uzito kupita kiasi na kuisahau hali aliyomo. Hospitali ni mahali pabaya sana pa kusahau hali. Mtu aliyeacha kibarua, akapanda magari mawili, akafika akiwa na hofu ya gharama ambazo bado hajatajiwa, hawezi kuonekana mchangamfu. Sisi humwandika kuwa ni mume asiyejali. Mjamzito aliyefika kliniki bila mwenzi tunamwona ametelekezwa, au tunaanza kuitilia shaka mimba yenyewe, kabla hatujauliza kama baba mtoto yuko safarini, kazini au kaburini.

Hakuna mahali ambapo haraka hii inaumiza kama katika chumba cha kupimia VVU. Wenza huja pamoja, mmoja akapatikana na virusi na mwenzake asipatikane navyo. Kabla ushauri haujakwisha, nje kwenye korido swali limekwisha zuka: nani aliyeleta? Kwa kuwa mama hupimwa mapema kliniki ya wajawazito, mara nyingi ndiye anayejulikana kwanza, na anayejulikana kwanza huhesabiwa kuwa ndiye mwenye kosa. Lakini kupimwa kwanza si kuambukizwa kwanza. Mtu aweza kuishi na virusi miaka mingi bila dalili yoyote, tangu kabla hajakutana na mwenzi wake wa sasa. Wala majibu tofauti si ushahidi wa uzinzi wa yeyote: virusi haviambukizi katika kila tendo la ndoa, na wapo wenza wanaoishi hivyo kwa miaka.

Tena tiba imebadili habari yenyewe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011, uliohusisha wenza zaidi ya 1,700 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Leo tunajua kwamba mtu anayemeza dawa zake barabara, na virusi vyake visigundulike tena katika damu, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Wenza wale walihitaji kusikia hayo, na yule asiye na virusi kuelezwa kuhusu dawa kinga na kupimwa tena baadaye. Badala yake husikia guno la mtoa huduma. Mama huificha kadi, huzimeza dawa kwa kujificha, na siku asipopata pa kujificha huacha. Mtoto aliye tumboni huingizwa katika hatari kwa sababu ya guno.

Wenzangu huniambia kwamba muda hautoshi, na kwamba si heshima kuchungulia ndani ya nyumba ya mtu. Kuhusu muda wana haki. Wodi zetu zimejaa. Kuhusu heshima sikubaliani nao, kwa maana anayekisia amekwisha chungulia, ila bila kubisha hodi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2013 unataka mwanamke mwenye majeraha ya kutia shaka aulizwe, tena faraghani, mwenziwe asiwepo. Haukusema aulizwe yule tu ambaye mumewe tumemchukia.

Nawe mgonjwa unayesoma haya, unaweza kuomba uonwe peke yako, hata kama aliyekusindikiza ni mtu anayesifiwa na wodi nzima. Baadhi ya hospitali zetu zina vituo vya mkono kwa mkono, na polisi wana dawati la jinsia na watoto.

Mama yule alifikishwa huko na daktari tarajali. Mimi nilibaki wodini na jalada. Kilichoandikwa humo hakifutwi, hivyo niliweka tarehe ya siku ile, nikaandika maelezo mapya, nikatia sahihi.