Kipa kwanza, straika baadaye

Mwandishi umeandika vizuri, ila hapo uliposema timu isiyo na mdhamini mkubwa haiwezi kushindana mimi nakataa. Coastal Union yetu ya Tanga msimu wa 2023/24 ilimaliza nafasi ya 4 Ligi Kuu, nyuma ya Yanga, Azam na Simba (kwa pointi walituacha mbali, sibishi), na kipa bora akawa Ley Matampi, siyo Diarra wa Yanga. Mechi 15 bila kufungwa! Straika mwenye mabao bei yake haishikiki, lakini kipa na mabeki bado wanapatikana kwa hela ya kawaida. Huku Kerenge, Korogwe, niliwahi kufundisha timu ya kijiji, mfuko wetu wote ulikuwa nauli ya kwenda Magoma na kurudi. Golini tukamweka kijana aliyekuwa kibarua wa kudaka machungwa juu ya Fuso, yanarushwa mawili mawili na haangushi hata moja. Glovu zake za fundi wa kuchomelea, ngumu kama ubao. Mabao tulifunga ya kuhesabu, ila kutufunga ilikuwa shughuli.

Na wewe ndugu hapo juu unayesema wakubwa watawanunua wote, ni kweli, 2020 mabeki wetu waliondoka, Mwamnyeto alikwenda Yanga na Ame akaenda Simba. Basi waacheni waende, ila hela ya mauzo irudi kutafuta beki mwingine. Viongozi wa Coastal mkisoma hapa, njooni Korogwe jioni yoyote, vijana wapo uwanjani.