Sayansi ya anga iwafikie watoto wa Moi's Bridge

Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo angani. Aprili 2023, Kenya ikarusha Taifa-1 kutoka Marekani. Hata hivyo, ni watoto wangapi wa Moi's Bridge waliowahi kuchungulia katika darubini?

Yafaa walimu na wazazi waandae kambi za kutwa za sayansi ya anga wakati wa likizo. Gharama isiwe kisingizio. Fimbo iliyosimikwa uwanjani yatosha kuanzia. Mwezi wa Agosti, kivuli chake cha adhuhuri huelekea kusini. Desemba huelekea kaskazini. Mtoto akikipima mwenyewe katika likizo zote mbili, atang'amua jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama, wala hatalikariri jambo hilo kwa ajili ya mtihani tu.

Nami nikiwa mwanaisimu nasisitiza: kambi hizo zitumie Kiswahili pia. Wanaodai kwamba lugha hii haimudu sayansi wamesahau Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Wamesahau Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Mtoto wa mkulima wa mahindi akilifahamu hilo, hataiona sayansi kuwa mali ya wageni.

Samaki mkunje angali mbichi.