Afrika Mashariki: Dawa mpya za saratani zahitaji maabara kwanza

Mwezi Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipanua matumizi ya dawa ya pembrolizumab katika orodha yake ya dawa muhimu. Sasa orodha hiyo inagusa pia saratani za shingo ya kizazi, utumbo mpana na mapafu zilizokwisha kusambaa mwilini. Kwa kanda yetu, ambako saratani ya shingo ya kizazi huua wanawake wengi, habari hiyo si ndogo.

Dawa hiyo haiui saratani yenyewe. Chembe T, ambazo ni askari wa mwili, zina kipokezi kiitwacho PD-1. Kazi yake ni ya breki: huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Saratani nyingi huikanyaga breki hiyo kwa protini ya PD-L1, na askari wakalala. Pembrolizumab, ambayo ni kingamwili ya kutengenezwa, hukifunika kipokezi hicho ili askari waamke. PD-1 iligunduliwa Japani mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison wa Marekani.

Lakini si kila mgonjwa hunufaika. Ndipo inapohitajika kingamwili nyingine, ya maabara, inayotia rangi PD-L1 kwenye kipande cha uvimbe ili ionekane kwa hadubini. Katika saratani ya mapafu, rangi ikionekana kwenye asilimia 50 au zaidi ya chembe za uvimbe, dawa hiyo yaweza kutolewa peke yake, bila kemotherapia.

Kipimo hicho chataka jokofu lisilozimika, fomalini kwa wakati, na mtaalamu wa patholojia wa kuyasoma matokeo. Kipande kikichelewa kuhifadhiwa, jibu laweza kupotosha. Vituo kama Ocean Road mjini Dar es Salaam, Butaro nchini Rwanda na Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala hupokea wagonjwa kutoka mbali, wengi wakiwa wamechelewa.

Hataza kuu ya dawa hiyo nchini Marekani inatazamiwa kumalizika mwaka 2028, na dawa za kufanana nayo huenda zikashusha bei. Serikali zikiisubiri bei pekee bila kuandaa maabara na wataalamu, dawa itafika na mgonjwa wa kupewa asijulikane.