Lwanda Magere Asife Mara ya Pili

Mambo ya nidhamu na usafi wenzangu wameyaandika vya kutosha. Mimi nitasema juu ya michezo ya kupigana kwenye tarakilishi. Mwalimu, usigeuze ukurasa kwanza!

Kuna programu iitwayo M.U.G.E.N, iliyotolewa bure na kikundi cha Elecbyte mwaka wa 1999. Yenyewe ni kama uwanja mtupu. Wapiganaji huundwa na wapenzi wa mchezo: unachora picha, unapanga miondoko, unaandika amri, unatia sauti. Kila picha huwekewa visanduku ambavyo mchezaji havioni, chekundu cha kupiga na cha samawati cha kupigwa.

Basi kaka yangu, hapa Kimumu, alimuunda Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo. Picha 140, zote kwa mkono wake, usiku stima ikiwepo. Na kile kisanduku cha samawati hakukiweka mwilini, alikiweka kwenye kivuli! Ukimpiga kifuani unajisumbua bure, ni jiwe. Majirani walikuja kumjaribu wakatoka wakikuna vichwa. (Mmoja alilalamika ati adui zake walikuwa Lang'o, yaani mababu zetu wa huku. Tulicheka sana.)

Leo hayupo. Tarakilishi iliharibika, fundi mmoja mjini akafuta kila kitu bila kuuliza. Nakala nyingine haikuwako. Kaka hajachora tena, nami sijathubutu kumwuliza.

Wanaosema michezo hii ni kupoteza wakati nawasikia, na alama zangu za hesabu mnazijua. Lakini hebu tazameni: Elecbyte wenyewe walinyamaza mwaka wa 2003, wakapotea kwa miaka kadhaa. Wapiganaji wengi hawakupotea nao, kwa sababu watu waligawana nakala na kuzitunza katika hazina zao. Sisi tulimficha wetu asije akaibwa.

Kwa hivyo naomba chama chetu kianzishe hazina: nakala moja maktabani, ya pili kwa mwalimu mlezi, ya tatu kwa mwenyewe nyumbani. Faili ya mpiganaji ina mstari wa jina la mtunzi, na usiguswe. Tuanze na akina Liyongo na Mekatilili, si wale walionyofolewa kwenye Street Fighter, wale wana wenyewe.

Flashi ya kwanza nimeshamkabidhi mlezi. Ina picha 6 za kivuli, nilizozipiga kwa simu kutoka daftari la zamani la kaka.