Saa za Kichina: Tatizo si China, ni chumvi na fundi

MFANYABIASHARA mdogo wa Kibiti anayefuata bidhaa Kariakoo hukutana na saa za mkono za kutia ufunguo kutoka China, za bei nafuu. Hazihitaji betri wala chaji, jambo linalomvutia mvuvi na mkulima wa delta ya Rufiji. Swali ni je, zinadumu?

Jibu la mitaani ni kwamba "Mchina" haidumu. Jibu hilo si la haki. China ilianza kutengeneza saa za mkono mwaka 1955, mijini Tianjin na Shanghai. Miaka ya 1970 viwanda vyake vingi vilitumia mashine ya muundo mmoja, hivyo kipuri cha saa moja kikaweza kuingia katika nyingine. Mashine ya namna hiyo ikitunzwa hufanya kazi miaka mingi.

Ni kweli haziendi sawasawa kama za betri. Saa ya ufunguo ya bei ya chini inaweza kukosea sekunde 30 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni dakika 15. Ya betri hukosea sekunde 15 hivi kwa mwezi mzima. Kwa anayewahi boti ya Mafia pale Nyamisati, dawa ni kuirekebisha kila wiki kwa kufuata saa ya redio.

Adui mkubwa katika delta ni maji ya chumvi. Maandishi ya "mita 30" hayamruhusu mvuvi kuzama nayo. Maana yake ni kuvumilia matone tu. Raba ya kuzuia maji ikilegea, unyevu huingia, mashine hushika kutu na saa husimama. Mwenye saa hulaumu mashine, kumbe kosa ni la kifuniko.

Tuseme umenunua saa 10 kwa sh 30,000 kila moja, ukitarajia kuuza sh 40,000. Zikirudishwa tatu, unabaki na sh 280,000 kutoka mtaji wa sh 300,000, na nauli hujahesabu.

Kwa hiyo anza na saa mbili. Zijaze ufunguo, zitazame siku kadhaa, kagua kifuniko, kisha muulize fundi saa wa karibu kama vipuri vyake anavipata. Kama hana, bei nafuu itakuwa ghali.

Epuka pia zilizoandikwa Rolex au Seiko kwa bei ya kutupa. Hizo ni bandia, na Tume ya Ushindani (FCC) hukamata na kuteketeza bidhaa za aina hiyo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Hasara ni ya mwenye duka. Saa ya Kichina inayouzwa kwa jina lake yenyewe haina kosa hilo.

Saa ikisimama, mteja hatakwenda Tianjin kuulizia. Atarudi kwako.