Siri ya Mtungi wa Daktari wa Ng'ombe



Kama unafuga ng'ombe wa maziwa Kitale au Bungoma, bila shaka unaufahamu mtungi ambao mtaalamu wa kupandisha ng'ombe huufunga nyuma ya pikipiki. Akiufungua, ukungu mweupe hufuka kama moshi. Ndani mna naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kiowevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Baridi hiyo ndiyo huhifadhi mbegu za fahali.

Majuzi binti yangu alisema ataacha fizikia kwa kuwa ni mambo ya ng'ambo. Nilimwonyesha mtungi huo.

Waya wa kawaida ukipitisha umeme hupata moto, na sehemu ya umeme hupotea. Mwaka 1911, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kuwa zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sufuri, hupitisha umeme bila kuupoteza. Vitu vya aina hiyo huitwa supakondakta. Lakini baridi hiyo huhitaji heliamu, nayo ni ghali.

Mnamo 1986, Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa Uswisi, walipata supakondakta ya kauri isiyohitaji baridi kali kiasi hicho. Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine inayofanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sufuri. Naam, naitrojeni ya mtungi ule yatosha kuipoza!

Utauliza, ya kazi gani? Meli ya kivita ya Marekani, Gerald R. Ford, iliyoanza kazi 2017, hurusha ndege kwa nguvu za sumaku badala ya mvuke. Watafiti wamechunguza kama supakondakta zaweza kuipa mitambo ya namna hiyo sumaku zenye nguvu zaidi. Vikwazo vipo: kauri huvunjika upesi, na umeme unaobadilika ghafla, kama ule wa kurushia, huipasha moto hata supakondakta.

Mzazi mwenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Mtungi ukifika kwako, mwite mtoto autazame, ila asiuguse, kwani baridi ile huunguza ngozi kama moto. Kisha mweleze.

Binti yangu hajaamua bado. Lakini jana pikipiki ilipoingia, yeye ndiye aliyetangulia kukimbilia langoni.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.