Je, Mdakaji Mmoja Atosha?

Msomaji mpenzi, ukitaka kuwasikia Wamarekani wakibishana kwa moyo wao wote juu ya mchezo wao wa besiboli, usingoje msimu uanze. Wasikilize mwezi wa Februari, wakati miji yao ya kaskazini ingali na theluji, nazo timu zimekwenda kufanya mazoezi kwenye joto la Florida na Arizona. Wakati huo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, kwa hiyo kila mtu ana haki. Huyu asema kikosi chetu ni chembamba, mmoja akiumia tumekwisha. Yule ajibu kwamba kulipa watu wa akiba ni kutupa fedha, afadhali tununue mpigaji hodari. Na mara nyingi, kabla kahawa haijapoa, maneno yote huishia kwa mtu mmoja: mdakaji.

Labda huujui mchezo huu. Nitaueleza kwa maneno machache, maana bila hayo hutaona ubishi wao watoka wapi. Mrushaji husimama mbali na mpigaji kadiri ya mita 18, akatupa mpira mdogo mgumu kwa mwendo unaoweza kupita kilometa 150 kwa saa. Mpigaji ana gongo mkononi. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vitatu, na akifika tena pale alipoanzia, penye bamba jeupe liitwalo la nyumbani, timu yake hupata pointi. Mpira ukipita juu ya bamba hilo mahali pa halali asiupige, huhesabiwa kosa lake, na makosa matatu humtoa. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji amesimama mwamuzi.

Sasa tazama kazi za huyu aliyechuchumaa. Yeye ndiye amshaurie mrushaji aina ya mpira wa kutupa. Zamani alionyesha kwa vidole. Tangu mwaka 2022 aweza kubonyeza kitufe, mrushaji akasikia sauti katika kofia yake. Mpira ukidunda chini, hana budi kuuzuia kwa kifua. Adui aliye kwenye kituo cha kwanza akitaka kuiba kituo cha pili, mdakaji hudaka, huinuka na kuutupa mpira mbali kadiri ya mita 39, na tangu kudaka mpaka kufika kule zapita kama sekunde mbili tu. Hayo yote huyafanya akiwa amevaa barakoa ya vyuma, ngao ya kifua na ngao za miguu. Wachezaji wenyewe wamezipachika nguo hizo jina la utani, "zana za ujinga," kana kwamba mwenye akili hawezi kukubali kuzivaa. Mimi nadhani mtu afikiriye kuliko wote uwanjani ndiye azivaaye. Hata jirani zetu wa Uganda wanaye kijana, Bw. Dennis Kasumba, aliyejulikana mbali kwa kujizoeza udakaji kwa matairi makuukuu, na mwaka 2023 akaenda kuchezea timu ya Frederick kule Marekani.

Nimechagua mji mmoja wa kutuonyesha jambo hili, nao ni Pittsburgh, mji uliosifika kwa chuma. Timu yao yaitwa Pirates. Tarehe 14 Oktoba 1992 walikuwa Atlanta katika mchezo wa saba na wa mwisho wa kumtafuta bingwa wa ligi yao. Waliingia zamu ya tisa wakiongoza 2 kwa 0. Atlanta wakapata pointi moja, na mtu mmoja tu alibaki wa kutolewa. Ndipo wenyeji wakamwinua mtu wa akiba, Bw. Francisco Cabrera, ambaye msimu mzima alikuwa amepiga, kwa hesabu rasmi, mara 10 tu. Naye, angalia sana, kwa asili alikuwa mdakaji! Akaupiga mpira kushoto. Wawili wakakimbia kurudi nyumbani. Wa pili alikuwa Bw. Sid Bream, mtu mwenye magoti mabovu, tena aliyewahi kuichezea Pittsburgh. Mpira ukaletwa, mdakaji Bw. Mike LaValliere akaudaka na kujirusha amguse, akachelewa kwa unywele. Atlanta 3, Pittsburgh 2.

Baada ya siku ile Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo, tangu 1993 hata 2012, kila msimu wakishindwa mara nyingi kuliko kushinda. Katika michezo mikubwa ya kulipwa ya Marekani ya Kaskazini hakuna timu nyingine iliyopatwa na hayo. Fikiri, msomaji: mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifika utu uzima, akaota ndevu, bila kuiona timu ya mji wake ikimaliza msimu mmoja kwa furaha.

Si kwamba hawakujaribu. Julai 2011 walikuwa wakigombea uongozi wa kundi lao. Wakaenda Atlanta tena, wakacheza usiku kucha zamu 19 badala ya 9. Mwishowe mkimbiaji wa Atlanta akaja nyumbani, mdakaji Bw. Michael McKenry akamngoja na mpira mkononi, akamgusa. Mwamuzi akasema hakumgusa. Kesho yake wakubwa wa ligi wakakiri kwamba yaelekea mwamuzi alikosea, lakini matokeo yalibaki yale yale, na timu ikaporomoka mpaka kushindwa mara 90. Mwaka 2012 nao walianza vizuri: mwanzo wa Agosti wameshinda 63 na kushindwa 47, kisha wakamaliza 79 kwa 83. Msimu una michezo 162. Anayekimbia vizuri mpaka Agosti na kuanguka Septemba, yafaa atazame pumzi yake, na pumzi ya timu ni watu wa akiba.

Basi baridi ile kila shabiki alikuwa na dawa yake, na dawa ya wengi ilikuwa mpigaji. Wenye timu wakaenda kumnunua mdakaji, Bw. Russell Martin, Mkanada aliyekuwa akiichezea New York Yankees, kwa dola milioni 17 katika miaka miwili. Katika msimu uliotangulia alikuwa na alama ya upigaji ya 211, maana yake kati ya kila majaribio 1,000 hufanikiwa 211, na hiyo ni alama ndogo. Timu isiyokuwa tajiri yatoa fedha hizo kwa mtu asiyepiga! Wengi waliguna, nami siwalaumu, maana hesabu iliyochapwa magazetini kila asubuhi ilikuwa hesabu ya gongo. Kazi ya mdakaji haikuwa na safu yake.

Lakini safu moja ilikuwako, kama wangetaka kuisoma. Mdakaji wao wa 2012, Bw. Rod Barajas, alijaribiwa na wezi wa vituo mara 99, akawakamata 6 tu. Timu pinzani ziliingia shambani kwao kama nyani kwenye mahindi yasiyo na mlinzi.

Safu nyingine ilikuwa imegunduliwa karibuni. Kuanzia mwaka 2006 ziliwekwa kamera viwanjani za kupima kila mpira ulipopita. Mwaka 2011 mtafiti Bw. Mike Fast alizitumia kulinganisha wadakaji, akaona jambo ambalo wazee wa mchezo walilisema siku zote bila kuweza kulithibitisha. Mpira ukipita ukingoni mwa mahali pa halali, mwamuzi hana hakika. Mdakaji mmoja huupokea kwa mkono mtulivu, mwamuzi akaukubali. Mwingine huuvuta kwa pupa, mwamuzi akaukataa. Ni mipira michache tu kila mchezo, lakini ukijumlisha msimu mzima, tofauti ya wadakaji wawili yawa kubwa sana. Mmoja aliyeonekana bora kabisa alikuwa Bw. José Molina, mtu mzito wa miguu na dhaifu wa gongo, ambaye wengi walimhesabu kuwa mtu wa akiba. (Kwao wako ndugu watatu, Bengie, José na Yadier, wote wadakaji wa Ligi Kuu. Sijui mama yao aliwalisha nini.) Bw. Martin naye alikuwa miongoni mwa wenye mkono huo mtulivu.

Mwaka 2013 ukaja. Bw. Martin aliwakamata wezi wanne katika kila kumi. Mrushaji Bw. Francisco Liriano, ambaye mwaka uliotangulia aliwapa adui zaidi ya pointi 5 katika kila zamu tisa, akiwa na timu nyingine, sasa aliwapa 3 tu. Sisemi yote hayo ni kazi ya mdakaji. Walinzi wa uwanja nao walipangwa upya kwa kufuata hesabu, na warushaji walifundishwa vema. Hata hivyo mrushaji hawezi kuthubutu kuutupa mpira wa kudunda chini, ulio mgumu kupigwa, kama hana hakika kwamba nyuma yuko mtu wa kuuzuia.

Na hapa ndipo wale mabishano wa kikosi kipana wapatapo haki yao. Mwezi wa Julai Bw. McKenry, msaidizi wa Martin, aliumia goti, msimu wake ukaisha. Wakamwita kijana Bw. Tony Sanchez kutoka timu yao ya chini. Hawakutosheka, tarehe 27 Agosti wakapata kutoka New York Mets mdakaji mwingine mzoefu, Bw. John Buck, na pamoja naye mpigaji Bw. Marlon Byrd. Wadakaji wanne katika msimu mmoja! Mwenye kuona huo ni ubadhirifu na akumbuke miaka miwili iliyotangulia.

Walishinda michezo 94. Tarehe 1 Oktoba 2013 wakacheza nyumbani na Cincinnati mchezo mmoja wa kubaki au kutoka. Watu walijaa, wamevaa nyeusi, wakiliita kwa sauti ya kuimba jina la mrushaji wa wageni, Bw. Johnny Cueto, kumvuruga moyo. Bw. Byrd akaupiga mpira ukavuka uzio. Kelele zikazidi, mpira ukamponyoka Cueto mkononi ukaanguka chini. Akauokota, akautupa kwa Martin, na Martin yule wa 211 akaupiga ukavuka uzio. Baadaye akaurudia tena! Pittsburgh 6, Cincinnati 2. Kisha walitolewa na St. Louis kwa michezo mitano, lakini miaka 20 ilikuwa imekwisha.

Sidhani kwamba kuwa na wadakaji wengi ni dawa peke yake. Timu ya Mets ilipoanzishwa, mwaka 1961, mtu wa kwanza waliyemchagua alikuwa mdakaji, Bw. Hobie Landrith, na kocha wao Bw. Casey Stengel akaeleza kwamba usipokuwa na mdakaji mipira yote itapita nyuma. Maneno ya kweli. Mwaka 1962 walitumia wadakaji saba, wakashindwa mara 120. Mmoja wao, Bw. Harry Chiti, walimpata kutoka Cleveland kwa ahadi ya kulipa mchezaji atakayetajwa baadaye; baadaye wakamtaja yeye yule, wakamrudisha. Huo si upana wa kikosi, ni msafara wa wapita njia. Mtu wa akiba ni yule awajuaye warushaji wake kabla hajahitajiwa.

Siku hizi kila timu huanza msimu na watu 26, na kwa kawaida wadakaji ni wawili. Mwaka 2023 vituo viliongezwa ukubwa, na mrushaji akawekewa mpaka wa kuwatisha wakimbiaji. Vituo vilivyoibwa vikatoka 2,486 mwaka 2022 vikafika 3,503. Mkono wa mdakaji ukapanda bei. Mkono wake mtulivu nao umepata mpinzani, maana kuanzia msimu wa 2026 imeruhusiwa kumpinga mwamuzi na kuiuliza mashine kama mpira ulipita mahali pa halali. Kila timu huanza na nafasi mbili, na ikikosea hupoteza moja. Watatu tu waweza kuuliza, kwa kujigusa kichwa papo hapo bila kumtazama kocha: mpigaji, mrushaji na mdakaji. Kama timu ingekuwa yangu, ningemwachia mdakaji, na mrushaji ningemkataza kabisa. Sijaona bado mrushaji asiyedhani kwamba mpira wake ulikuwa halali.